Mstari Mwekundu wa Korosho

Benchi la Huseni muuza kahawa lipo pale njia ya Nangurukuru inapoingia kijijini kwetu, kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama gwaride, hata moja haijafikisha miaka mitatu. Kila asubuhi huwa tunaisahihisha dunia hapo. Leo tulikuwa wapole. Valentini, kijana mtafiti wa uchumi kutoka Dar, alikunjua karatasi gotini, na juu yake mstari mmoja wa wino mwekundu: korosho zote za pwani hii, tangu Uhuru hadi mwaka jana. Unapanda, unapanda, halafu mwaka sabini na nne unaporomoka. Wallahi mwili ulinisisimka. Nilidhani korosho zangu huishia ghalani. Alibakiza swali moja kabla ya basi la saa nne: kwa nini zimepungua? Likwata, tunayemwita Redio, alishaninong'oneza kwamba jibu likifika kwa wakubwa, huenda tukaruhusiwa kwenda kulala mahameni, kwenye makazi ya zamani tulikoondolewa, msimu wa kuokota. Kasoro ni moja tu. Sipriani, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyetupakia kwenye lori kutuleta huku, alikuwa ameketi katikati ya benchi.

— Nionyeshe sabini na tatu, alisema Winchi, yaani Abdurahmani, mpakiaji wa zamani wa bandari ya Lindi.

Valentini akaweka kidole kileleni.

— Allahu Akbar! Mgongo wangu huo! Tulipakia usiku na mchana.

— Zote hizo zinakwenda wapi? aliuliza Huseni.

— India. Zinabanguliwa kule. Na maganda hawatupi, bwana. Wanakamua mafuta, wanatia kwenye breki za magari.

— Winchi, acha fiksi zako, alisema Redio.

— Ni kweli, mzee, alisema Valentini. Breki.

Basi la Kilwa Masoko likapita, likafunga breki kukwepa mbuzi. Tukaligeukia sote. Sijui wenzangu, mimi niliuona mkorosho wangu ndani ya zile breki.

— Sasa, wazee, kwa nini zimepungua?

Redio akamtupia jicho Balozi kwanza.

— Mwezi. Tangu watu waukanyage, mvua haijui zamu yake.

— Inawezekana, alisema Balozi.

— Popo, alisema Huseni. Wanakula mabibo huku, kokwa wanaziangusha Songo Songo. Kile kisiwa kitakuja kuuza korosho peke yake, mtaniambia!

— Inawezekana.

— Si popo, alisema Winchi. Kule India wana mashine inavuta harufu ya maua kutoka ng'ambo. Ua likikosa harufu, nyuki atakuja kufanya nini?

— Hilo nalo linawezekana.

Na mimi, kwa aibu yangu, nikasema:

— Labda ni yale mafuta. Mti una breki ndani, umejifunga wenyewe.

Hakuna aliyecheka. Valentini alikuwa ameacha kuandika kitambo.

Hapo ndipo akafika Bi Mwanaasha na ndoo tupu, anakwenda kisimani kwa Balozi.

— Shikamoo mama, alisema Valentini.

— Marahaba baba. Hicho chekundu nini?

Akaelezwa. Hajui kusoma hata herufi moja, lakini alichuchumaa, akaanza kuufuata ule mstari kwa kidole, taratibu, kama anayepapasa uso wa mtoto.

— Hapa alizaliwa Abdala wangu. Siku ya arobaini yake nikampandia mkorosho. Panapopanda hapa umeanza kuzaa. Huku juu tumeezeka bati.

Kidole kikafika kileleni, kikateremka, kikasimama.

— Na hapa ndipo lilipokuja lori.

Ilikuwa sabini na nne, hapo hapo. Hakuna aliyemtajia mwaka. Valentini akaitazama karatasi yake kama si yeye aliyeichora. Nasema kweli: maisha ya mama yule yalikuwa yamechorwa Dar na mtu asiyemjua.

Bi Mwanaasha akainuka, akakung'uta kanga.

— Sasa zile zinazoanguka kule, nani anaziokota?

Redio akakuna kisigino. Winchi akaangalia njiani. Mahame ya Bi Mwanaasha ni mwendo wa tangu alfajiri hadi adhuhuri, ya kwangu ni mbali zaidi, na sote tunajua vichaka vimefika hadi matawini. Mikorosho ya Balozi ndiyo mingi kuliko yetu wote, nayo iko huko huko.

— Huseni, niongeze, alisema Balozi.

Huseni akainamisha birika. Yalidondoka mashapo ya kahawa tu.

Honi ya basi la saa nne ikalia. Valentini akaanza kukunja karatasi. Balozi akamshika mkono.

— Andika.

— Niandike nini, mzee?

— Alivyouliza mama.

— Lakini hilo ni swali. Mimi nahitaji jibu.

— Andika hivyo hivyo alivyouliza. Na chini yake uweke jina langu: Sipriani, balozi wa nyumba kumi.