Mzee Kaza na Boliti Iliyokuwa Ikilegea

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, fundi makochi na mpiga ngoma, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kaza, na tunayasoma yote, machungu yakiwemo, kwa kuwa mwenyewe aliagiza hivyo, akisema kwamba msibani ukificha kitu, watu huanza kutazamana.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1965, ambako mkoba wake wa vitabu ulifungwa kwa fundo ambalo hata mwalimu alishindwa kulifungua.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika karakana ya makochi, akajifunza kuvuta ngozi hadi itulie bila mkunjo, na mikono hiyohiyo akaipeleka kwenye bendi iliyopiga kila Jumamosi katika ukumbi wa wafanyakazi, ambako alikabidhiwa snea, ile ngoma fupi yenye nyaya tumboni. Wengine waliipenda ivume, yeye aliitaka kavu, sauti itoke na kukatika papo hapo, kwa hiyo alikaza kidogo boliti moja kati ya zile zinazoivuta ngozi ukingoni, akavuka hadi ile inayoielekea, akarudi kwa nyingine, huku akigonga kwa kidole mbele ya kila boliti mpaka zote zitoe sauti moja, ngozi ya chini akaikaza kuliko ya juu, kisha akabandika kipande cha kitambaa cha kochi kwenye ngozi ya juu ili kuua mvumo, na wakati huo wote hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Mwaka 1974 alimwoa dada wa mpiga gitaa la besi wa bendi hiyohiyo, wakajaliwa watoto watatu, na mambo yangekuwa shwari kama si boliti moja, ya upande wa kushoto, ambayo kila ilipofika mapumziko aliikuta imelegea, na snea iliyokuwa kavu jioni sasa inalia kama sufuria. Aliyesimama kushoto kwake alikuwa shemeji yake. Mzee Kaza alimtazama tu kwa jicho la pembeni, wiki baada ya wiki, hadi siku aliyoifunga boliti ile kwa uzi mwembamba, na alipoukuta umekatika, akaona hahitaji ushahidi mwingine.

"Shemeji, mkono wako unatafuta nini kwenye ngoma yangu?" aliuliza mbele ya bendi nzima.

"Mimi? Nina shida gani na ngoma yako?"

"Uzi umekatika."

"Basi muulize uzi."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho alichoshindwa kukimeza. Shemeji alibeba gitaa lake akaondoka kwenye bendi, miguu ya kutembeleana ikakatika, na boliti ilipozidi kulegea hata baada ya yeye kwenda, Mzee Kaza alisema shemeji ameacha wafuasi, akamshuku mpiga saksafoni, akamshuku mfagiaji wa ukumbi, na mkewe kila alipotoka kumsalimia kaka yake alihojiwa mlangoni wamemsema nini, naye akamjibu, "Tumeongea habari za watoto, ungekuwepo ungesikia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi mwaka 1994, binti yao wa mwisho, ambaye ni wa mkono wa kushoto na hupiga kinyume na baba yake, alipokuwa akijifunza kupiga snea ile sebuleni. Baba alipoikagua ngoma baadaye, boliti ya kushoto ilikuwa imara kama alivyoiacha, ya kulia ndiyo iliyolegea.

"Nani ameigusa hii?"

"Hakuna, baba. Nimepiga tu."

Hakumwamini, akamwambia apige tena, akavuta stuli akakaa karibu, macho kwenye boliti, na akaona kwamba kila fimbo ilipopiga ngozi na ukingo kwa pamoja, kama alivyomfundisha, boliti iliyo karibu na fimbo ilijizungusha kidogo, yenyewe. Aliinuka, akaiacha stuli palepale. Kisha akaingia jikoni.

"Mama, nimemwonea kaka yako."

"Mimi usiniambie," mkewe alijibu bila kugeuka. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Alikwenda na snea mkononi, lakini shemeji alifungua mlango nusu, akauliza ametumwa na nani, akaufunga, na hata alipokubali hatimaye kumkaribisha, chumba chenye gitaa alikifunga kwa kufuli kila mgeni huyu alipokaa sebuleni. Mzee Kaza aliliona kufuli lile, akanywa chai yake, akarudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, bila kulitaja, mpaka siku alipokuta mlango wa chumba uko wazi.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kwa mara katika hospitali ya wilaya, ambako tabia yake haikubadilika, alishuku vidonge, alishuku dripu, alishuku hata uji, na wauguzi walijifunza kwamba hamezi kitu mpaka aulize, "Shemeji ameiona?", basi mzee yule akiwa na miwani yake alikagua kila kikombe, na akishaitikia kwa kichwa, mgonjwa alikunywa. Alifariki mchana wa tarehe 14 mwezi huu, mkewe na shemeji yake wakiwa kando ya kitanda chake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani waliolala nasi, mafundi wenzake wa karakana na wanabendi wote, akiwemo mpiga saksafoni, ambaye familia inamwomba radhi hadharani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na shemeji mmoja ambaye tangu juzi hajaongea na mtu.

Baba, pumzika sasa, uko mikononi mwa amani.