Mzee Subiri na Pikipiki ya Mkewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia mitambo ya kiwanda chetu cha mikate, fundi wetu mkuu anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi wanalo watu wa mishahara. Kwetu sisi ni Mzee Subiri, na hata mkurugenzi humwita hivyo.

Jina alijipatia mwenyewe. Mashine ya kukandia ikigoma alfajiri, sisi presha zimeshapanda, yeye huweka kiganja juu yake, huinamisha sikio na kusema, "Subiri." Kisha hukaza kitu kimoja tu, na unga huanza kuzunguka. Alianza kwa kupaka grisi minyororo, akapanda hadi kusimamia matanuri yote. Komeo la ndani la chumba cha kunyonyeshea alilipachika siku ileile alipoambiwa halipo. Wenye watoto wachanga hawajasahau.

Nje ya kazi ana ugonjwa mmoja: pikipiki za kale za motokrosi, zile nyepesi za kushindania kwenye vumbi na kuruka matuta. Huzikuta zimekuwa vyuma chakavu, huzifungua hadi nati ya mwisho, huziunda upya. Ameshafufua kadhaa. Moja ndiyo iliyomnyima usingizi.

Hiyo ilikuwa ya mkewe. Ndiyo, mama huyu mpole anayemletea mumewe chupa ya chai getini alikuwa mshindani, na Mzee ndiye aliyekuwa fundi wake. Alipojifungua mtoto wa kwanza pikipiki iliuzwa, na hakuna aliyemuuliza kama amemaliza kushindana. Miaka mingi baadaye Mzee aliiona fremu yake kwa muuza vyuma chakavu, akaitambua kwa weldi aliyoichomelea mwenyewe, ambayo anakiri ilikuwa mbaya. Akaibeba begani hadi nyumbani, akamwahidi mkewe kwamba siku ya kustaafu itakuwa inanguruma.

Ahadi hiyo ilitugharimu mikate. Jioni moja alitundika tangi la pikipiki lenye rangi na vanishi mbichi kwenye chumba cha kuumulia unga, maana kuna joto zuri, bila kujua kwamba kulikuwa na oda ya dharura. Mikate ilitoka imeumuka vizuri, ina rangi ya kupendeza, na inanuka vanishi. Ilitupwa yote. Alijipeleka mwenyewe kwa meneja, akapokea onyo kwa adabu, kisha akauliza kama tangi lingeweza kubaki pale kidogo, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa haujakauka.

Wiki iliyopita kila kitu kilikuwa mahali pake, ila injini ikawa inakohoa na kuzima. Mzee alifungua kabureta, akabadilisha plagi, jasho likamtoka. Watoto wake wakamwambia, "Baba, siyo lazima iwe wiki hii." Akashika spana tena. Ndipo mkewe akatua sufuria chini, akaingiza vidole kwenye bomba la moshi, akavuta kitambaa cha kiwanda chetu. Mzee mwenyewe ndiye aliyekisokomeza humo zamani kuzuia vumbi, akasahau. Mzee akataka kurukia kiki ya kuwashia. "Subiri," mkewe akamwambia, akapanda yeye. Ikawaka.

Walioazima spana zake wazirudishe leo kabla ya keki. Tunawajua.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako na kwa utulivu wako. Uwe na afya, ulale hadi jua likukute kitandani, na mashine za watu zisikuamshe tena.

Baada ya keki, wote mnaombwa kutoka nje. Pikipiki haina taa wala namba, kwa hiyo itazunguka uwanja wetu tu. Juzi Mzee aliichomelea vikanyagio vya abiria. Abiria ni yeye mwenyewe.