Fundi wa Bodi za Wanaoanza

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1987, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Mama yake anasema redio ya nyumbani haikukaa na kifuniko tena tangu mwanawe alipojua kushika bisibisi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 2001 na sekondari 2005. Chuo cha ufundi alisoma mwaka mmoja tu. Baba yake akafariki, akarudi nyumbani kutafuta riziki.

Alifungua kibanda cha kutengeneza redio na simu. Lakini kazi aliyoipenda aliifanyia nyumbani, kwenye meza ya kulia: kuchora bodi za kujifunzia, ndogo kama kiberiti, zenye chipu moja, vitufe na taa, ili anayeanza aiamuru chipu iwashe taa, naye aone imemtii. Michoro aliiweka mtandaoni, achukue anayetaka, ajitengenezee yake. Mafundi wenzake walimtania kwamba anagawa chakula na jiko pia, kesho nani atakuja kula kwake. Alicheka tu, akaendelea kuchora.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2019. Walijuana kwa pasi. Mkewe aliipeleka kibandani, akaambiwa njoo kesho, na kesho tena. Baadaye sana ndipo marehemu alipokiri kwamba pasi ilipona siku ile ile ya kwanza. Walijaliwa binti, aliyejifunza rangi kwa taa za baba yake.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua. Hata hivyo Septemba mwaka huu alitoa bodi mpya, ya kijani. Ili nafasi itoshe alihamishia tundu la betri upande wa nyuma, akasahau kwamba bodi ikigeuzwa, chanya na hasi nazo hubadilishana mahali. Alikuwa wodini alipopata ujumbe wa mwanafunzi mmoja kwamba yake ilitoa moshi mara tu alipoiwasha. Siku hiyo hakula. Mchoro aliusahihisha, lakini ule wa kwanza ulikuwa umeshasambaa kwa watu asiowajua. Yeye akitamka, mkewe akiandika kwenye simu, wakawatumia onyo waliowafahamu mmoja mmoja, mpaka sauti ikamwishia. Mkewe akamsihi apumzike, ni bodi tu.

"Mke wangu," akanong'ona, "mwingine atadhani kakosea yeye. Ataacha."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tisa alasiri, mkewe akiwa kwenye foleni ya dawa.

Ameacha mama mzazi, mjane, binti wa miaka minne, kaka na dada. Ameacha pia wanafunzi tusiowajua. Mwenye bodi ya kijani yenye tundu la betri nyuma, asichomeke betri kabla ya kuona mchoro mpya. Na ambaye yake imeshaungua, tafadhali mfikishieni: hakukosea yeye.

Mungu ampe mwenzetu pumziko jema.