Pengwini Wana Mikeka Mingapi?

Kijiwe chenyewe cha wazee ni benchi la mbao lililobanwa kati ya lango la bustani ya wanyama na mashine ya kahawa ya kopo, na kila asubuhi Kotomi hulipita mbiombio. Leo hakulipita. Alikaa ukingoni, mwanawe Rikuto wa miezi mitano amelala mgongoni mwake, na mfukoni barua ya jirani asiyejitaja, iliyopitia kwa mwenye nyumba: mtoto analia mno, kilio kinapenya mikeka ya sakafu hadi chini, wahame. Jibu linatakiwa Ijumaa. Wamehamia pale mwezi mmoja tu uliopita. Hakujua aende kwa nani, basi akanunua kahawa.

— Bwawa jipya ni mikeka arobaini, pengwini ishirini! alifoka Fundi Mikeka, aliyetandika sakafu za mji huu, ambako chumba hupimwa kwa idadi ya mikeka, mpaka magoti yakagoma. Miwili kwa kila mmoja. Ile nyumba au kabati?

— Maji unayapimaje kwa mkeka, wewe? alidakia Bi Tiketi, aliyekaa dirisha la lango miaka thelathini. Pima kina! Bwawa la bustani ya ng'ambo ya ghuba ni ghorofa mbili kwenda chini.

— Kina wanacho, ufuko hawana, alisema Dereva, mstaafu wa mabasi. Pengwini ni abiria. Anataka pa kusimama.

— Na saruji imepakwa rangi nyeupe, eti barafu! aliongeza Bi Tiketi.

— Hawa kwao ni pwani ya joto, Bibi, alisema Fundi. Barafu wanaiona ukutani tu.

— Kosa ni kioo, Dereva akashusha sauti. Wanadhani tuliofungiwa ni sisi. Mimi wananihesabu. Juzi nilichelewa, wakajipanga wote kunisubiri.

— Acha fiksi! Kosa ni dari, alisema Fundi. Kifaranga lazima alie! Kilio kinapanua kifua. Wangeacha wazi, sauti itoke. Anayemnyamazisha kifaranga hana utu!

Kotomi hakujua mdomo wake ulifunguka saa ngapi.

— Samahani wazee wangu, nauliza tu, sisi tuko watatu, mikeka sita, miwili miwili kama wao, na bwawa hatuna, na huyu sijui ni meno sijui tumbo, nambeba, namwimbia, halii makusudi jamani, sasa kifaranga akilia, jirani wa chini naye huandika barua?

Bi Tiketi akamtazama mtoto mgongoni.

— Mnakaa wapi, mwanangu? aliuliza Bi Tiketi.

— Lile jumba la buluu, nyuma ya posta. Juu, chumba cha mwisho.

Bi Tiketi akamgeukia Fundi polepole.

— Si juu ya chumba chako hapo?

Fundi akainuka, akaenda kubonyeza mashine. Taa nyekundu: kahawa imekwisha. Akabonyeza tena hivyo hivyo. Mgongoni Rikuto akaamka, akaangua kilio. Kotomi alishasimama, anatikisa mabega, anaomba radhi kwa kila mtu.

— Kaa, alisema Fundi, macho kwenye ile taa. Mwache... mwache apanue kifua.