Bi Nusu Anatuachia Bonde la Mashariki

Tarehe 30 Juni, Bi Nusu, mkadiriaji mkuu wa kitengo chetu cha jotoardhi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu huu kwa kuwa meza zetu zimetazamana muda wote huo. Hakuniuliza kama namwonea wivu. Namwonea, tena sana.

Tuliajiriwa siku moja. Kazi yetu ni kusema, kabla mtu hajachimba, kama miamba ya chini kabisa ina joto la kutosha kuzalisha umeme. Unachukua ukubwa wa eneo, unene wa mwamba na joto lake, kisha unakadiria ni sehemu gani ya joto hilo itakubali kupanda juu. Jina lake lilitoka hapo. Kila akimaliza hesabu, huikata nusu. Husema mwamba ni mjomba tajiri, usipange harusi kwa mali yake. Wageni hucheka mpaka machozi. Mizaha yangu mimi haijawahi kumchekesha mtu.

Wakubwa walipenda makadirio yangu kwa sababu yalikuwa manono. Visima, vilipochimbwa, vilipenda yake.

Mwaka mmoja mimi nilitaka tuchimbe kwenye kilima kinachofuka mvuke. Yeye akapeleka mashine kwenye uwanda mkavu. Vipimo vya kwanza vilitoka baridi, nami, Mungu anisamehe, nililala usingizi mtamu. Bi Nusu akakataza mtu kukigusa kisima. Maji ya kuchimbia yamekipoza, alisema, kiacheni kipumzike. Mkurugenzi alinuna, wafadhili wakarudi makwao. Kilipopimwa tena baada ya wiki kadhaa, joto lilikuwa limepita la visima vyetu vyote. Leo pana kituo cha umeme pale, na mafundi wanakiita kisima kile kwa jina lake.

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Sikujinyonga, nilitaka niwepo siku atakayokosea. Hata mumewe humletea sweta kiyoyozi kikizidi. Wangu hajui ofisi iko ghorofa ya ngapi.

Wiki hii tunapeleka makadirio ya bonde la mashariki, yatakayoamua kama watu wa huko watapata kituo au watabaki na vibatari. Desturi yetu ni kila mmoja kukadiria peke yake, kisha tunalinganisha. Nilipomwomba yake, alikuwa anafunga masanduku.

“Sikuyafanya, dada,” alisema. “Yako yanatosha. Ningekuwa na shaka nisingeondoka.”

Nilirudi mezani, nikayatazama makadirio yangu mchana kutwa. Jioni nikayakata nusu, nikatia saini peke yangu.

Asante kwa kila kisima, Bi Nusu. Pumzika kama ulivyotufundisha kuvipumzisha, joto lako lote likurudie. Nusu ya wivu wangu nimeitupa leo. Nusu nyingine nabaki nayo, maana meza ya mbele yangu sasa inabaki bila mtu.