Ini Limetupwa, Utepe Uko Palepale

Benchi lenyewe limeegemea kibanda cha fundi cherehani, mkabala na geti la hospitali. Mguu wake mmoja ulikatika wakauwekea tofali, kwa hiyo ukikaa upande huo unakaa kwa adabu. Wenyewe ni wanne. Fundi, mwenye kibanda, mkasi wake kautundika shingoni kwa kamba kama hirizi, na hauazimwi hata na mkewe. Bucha, muuza nyama, mtu wa tumbo, yeye hukalia upande wenye mguu mzima. Redio anatengeneza simu, hajui kunyamaza na hajawahi kukosa habari. Halafu Birika, mzee wa kahawa, husikiliza kuliko anavyomimina. Mimi si mwenzao. Mimi nimeletwa na askari wa getini, anayesema kichanga hakiruhusiwi wodini, basi mama mkwe akiingia mimi natoka, nikiingia mimi yeye anatoka kushika mtoto, na nikitoka nakaa hapa, wameshanibatiza Mama Kichanga. Asubuhi hiyo nilitoka mbio, mtoto analia, mbeleko inaburuza, nikajitupa upande wa tofali bila adabu yoyote, benchi zima likayumba na kahawa ya Redio ikamwagika gotini.

Redio: We shemeji! Umekuja kukaa au kutupindua?

Mimi: Wamelitupa.

Redio: Wametupa nini?

Mimi: Ini! Ini la baba mtoto, alilokuwa awekewe leo, wamelitupa!

Vikombe vikasimama hewani. Habari walikuwa nayo tangu jana. Walijua mume wangu ni mpaka rangi wa nyumba, kwamba homa ya ini ilimla kimyakimya mpaka ini likakauka, macho yamekuwa manjano na tumbo limejaa maji, na kabla hamjauliza, hanywi pombe, hajawahi, nimechoka kuulizwa. Walijua jana tuliambiwa amepatikana mtu, kichwa kimekufa moyo unapiga, jamaa zake wamekubali atoe ini, mgonjwa wetu asile kitu. Birika alinimiminia kahawa ya pongezi. Niliinywa nikicheka.

Bucha: Limetupwa kwa kosa gani?

Mimi: Lina mafuta.

Bucha akajishika tumbo.

Bucha: Siku hizi mafuta ni kosa?

Mimi: Ndivyo alivyosema daktari! Amesema ini lile lina mafuta mengi, na ini la mafuta halistahimili barafu, ukilibeba kwenye kisanduku cha barafu kama wanavyobeba mengine, ukija kumfungia mgonjwa likapata damu ya moto ghafla, linagoma, na mtu anakufa na ini jipya tumboni. Nikamwambia, basi si msiliweke kwenye barafu! Akaniangalia. Akasema, dada yangu, ndiyo maana kuna mashine.

Redio: Mashine gani tena?

Mimi: Ya kulitunza likiwa hai! Wanaliweka mle, mirija inalipitishia damu ya uvuguvugu na hewa na chakula chake, ini linadhani bado liko kwa mwenyewe, linaendelea na kazi, linatoa nyongo, na wao wanalitazama. Likifanya vizuri wanampandikizia mgonjwa, likigoma wanajua kabla hawajampasua mtu. Si kila ini la mafuta linafaulu, hilo alinieleza, hakunidanganya. Lakini linajaribiwa! Letu halikujaribiwa!

Fundi: Basi mashine hiyo hawana.

Mimi: Wanayo.

Fundi: Imeharibika.

Mimi: Mpya!

Fundi: Hakuna anayejua kuiendesha.

Mimi: Daktari huyohuyo alipelekwa kuisomea, yeye na wauguzi wake. Wanaijua!

Fundi: Sasa kizuizi nini?

Mimi: Haijazinduliwa.

Birika akaweka birika chini kwenye makaa, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Birika: Rudia, mwanangu.

Mimi: Haijazinduliwa, baba. Nimeiona kwa macho yangu. Iko chumba cha mwisho koridoni, mlango wa kioo, imefunikwa nailoni na imefungwa utepe mwekundu kiunoni kama bibi harusi, juu wamebana ua la kitambaa. Viti vimepangwa, vimevishwa magauni meupe. Mhudumu alikuwa anafuta vumbi. Si vumbi la mashine, la utepe! Mgeni rasmi kaahirisha tena, kapata udhuru, na mpaka aje akate hakuna mkono wa kuigusa. Daktari aliomba wakubwa zake, wakamwambia atawaaibisha, mgeni atakuja kuzindua kitu kilichokwisha tumika?

Redio: Hapo sasa ndipo wahenga waliposema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mimi: Mgeni haji, na mwenyeji anakufa!

Redio: Subira, shemeji. Mstahimilivu hula mbivu.

Birika: Redio, ini si ndizi.

Bucha alikuwa bado kwenye mafuta, yalimkaa rohoni.

Bucha: Mimi maini nimeyashika maisha yangu yote. Ini likija limenona, wateja wanagombana. Leo mtu aliyesoma analitupa! Nawaambia, hii si kazi ya mgeni rasmi. Hii ni vita na wanene. Walianza na viti vya benki, vile vya mikono, ukikaa huinuki mpaka wakusaidie. Wakaja kwenye milango ya mabasi. Sasa wamefika ndani, wanatukataa mpaka maini.

Redio: Acha wewe! Siri mimi ninayo. Mle ndani ya nailoni hamna mashine. Mna friji.

Fundi: Friji?

Redio: Friji la kawaida, wamelipaka rangi nyeupe.

Fundi: Friji si jeupe tangu mwanzo?

Redio: Ndiyo ujue walivyo wajanja.

Fundi: Toka hapa. Mimi nashona suti za wakubwa, nawajua. Mtu haahirishi sherehe yenye picha bure. Huyo mgeni rasmi mwenyewe ini lake limekwisha. Mashine imekatwa kwa kipimo chake. Hagusi mwingine mpaka alale yeye wa kwanza.

Bucha: Kwa hiyo atakata utepe kalazwa?

Fundi: Kitanda kinasukumwa, mkasi uko kwenye sahani, ngoma inapigwa, anakata, anaingia chumba cha upasuaji na makofi juu.

Redio: Hamjafika kwenye mzizi. Mzizi ni sheria. Sikilizeni. Marehemu yuko kaburini, sawa? Ini lake liko mashineni, linafanya kazi, linatoa nyongo. Je, huyo kafa? Hajafa! Yuko kazini! Mjane ataolewaje? Mashamba yatagawanywaje, na ini halijasema neno? Serikali imeona mbali. Mgeni rasmi akikata ule utepe leo, kesho maiti wote wanadai mishahara.

Wakacheka. Hata Birika alicheka, mabega yakamtetemeka. Mtoto akashtuka akaanza tena, na mimi nikahisi kicheko chao kinapanda kutoka miguuni kwangu kama siafu.

Mimi: Chekeni! Chekeni tu, ninyi mnarudi nyumbani kwenu mkiwa kamili! Mnajua daktari kanimalizia na nini? Kasema tusubiri mwingine. Mwingine ni nani? Ni mtu anatembea mahali fulani sasa hivi, anachana nywele, ana njaa, hajui, na mimi nimeambiwa nikae hapa ninyonyeshe nimsubiri afe! Na baba mtoto ananiuliza, mke wangu, ni leo? Tangu alfajiri ananiuliza, midomo imemkauka, ni leo? Nimemwambia bado wanaandaa. Nimemdanganya nikakimbia!

Redio akajifuta goti ambalo lilikwisha kauka.

Redio: Pole, shemeji. Utani umezidi mpaka. Ila bahati nayo haikuwa yenu, nasikia huyo mtoaji lilikuwa jitu, mbeba magunia pale ghalani, mtu wa kujaza mlango.

Mimi: Na alikuwa anakula nini kiasi hicho? Hakuwa na mama wa kumwambia basi?

Lilinitoka. Bucha akatazama ndani ya kikombe chake.

Birika: Mwanangu, marehemu hakula ili akukomoe wewe.

Najua. Nilijua hata wakati nasema. Lakini hasira yangu ilitafuta pa kukaa, mgeni rasmi alikuwa mbali, na marehemu hawezi kujibu.

"Hodi wanangu."

Hatukumwona alikotokea. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, viatu vyake vya plastiki vina vumbi la njia ndefu, kashika mfuko kwa mikono miwili kana kwamba utamwagika. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja kama darasa, akaitikia, Bucha akainuka akampisha upande wenye mguu mzima. Sijawahi kumwona Bucha akimpisha mtu.

Mama: Askari kaniambia nije nisubiri huku. Wenye majibu wako kikaoni, wanapanga viti vya sherehe.

Birika: Una mgonjwa, mama?

Mama: Sina tena. Nilikuwa naye mpaka jana. Aliteleza na gunia begani, akaangukia kisogo. Wakaniita wakanieleza, kichwa kimekufa, moyo ni mashine tu. Wakaniomba ini lake.

Aliufungua mfuko kidogo, akaufunga. Viatu. Vikubwa, soli imelika upande mmoja, upande wa bega la mzigo.

Mama: Ndugu zake walikataa, walipiga kelele. Mimi nikawaambia, huyu tangu mdogo alikuwa hapiti mzigo wa mtu bila kuunyanyua, na huu nao ataubeba. Nikakubali. Sasa tunamzika alasiri. Nikasema nipite kwanza, nisiende mikono mitupu, niwe na neno la kumwambia mwanangu kabla hawajamfukia.

Bucha alinitazama mimi, kisha ule mfuko.

Mama: Jina sitaki. Walisema jina hawatoi, sawa, ni la mwenyewe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Huyo aliyepewa ini la mwanangu, ameamkaje?

Redio alifungua mdomo. Yule ambaye hajawahi kukosa habari alifungua mdomo, akaufunga, akashika simu mbovu ya mteja akaanza kuifuta kwa shati. Birika akakimbilia birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka masimbi matupu ya kahawa, akaendelea kuliinamisha vilevile, kana kwamba akisubiri sana jibu nalo litadondoka.

Mama akanigeukia mimi. Nadhani ni kwa sababu ya mtoto.

Mama: Au wewe mwanangu umesikia lolote? Unaingia humo ndani?

Ameamkaje. Ameamka na njaa, mama. Ameamka na macho manjano, ameogeshwa, amevaa gauni la upasuaji limefungwa nyuma, anauliza kama ni leo. Ini la mwanao limetupwa kwenye ndoo hatua chache kutoka kwenye kitu ambacho pengine kingeliokoa, kwa sababu kitu hicho kimevaa utepe na hakuna aliyeruhusiwa kuushika mkasi. Yote hayo yalinijaa kinywani na sikuweza kutoa hata moja, kwa sababu dakika ile ile nilikuwa nimetoka kumsema mtoto wake anavyokula.

Nilifungua mbeleko. Nikamweka mtoto mikononi mwa Bucha. Hakuuliza, alimpokea, na kwenye lile tumbo mtoto akanyamaza kana kwamba kalazwa mahali alipokuwa anapatafuta muda wote.

Mimi: Fundi, niazime mkasi.

Fundi: Mama Kichanga, mkasi huu...

Hakumaliza. Alinitazama, akamtazama yule mama, akatazama geti. Kisha akainamisha kichwa, akavua ile kamba shingoni, akanipa mkasi kwa upande wa kushikia.

Fundi: Unakata utepe tu. Ukikata kingine utaniponza.

Mimi: Twende, mama. Swali lako si la hapa. Twende tukawaulize huko kwenye viti vyao.

Hakuniuliza mkasi ni wa nini. Alichukua mfuko wa viatu vya mwanawe, akanishika mkono, kiganja chake kikavu na chepesi, na tukavuka barabara. Shule nilifundishwa kunyoosha kidole kabla ya kusema, na hakuna aliyenifundisha cha kufanya usipoitwa. Sijui watanifanya nini. Najua tu kwamba mwingine akipatikana, akiwa mnene, akiwa mwembamba, sitaki mama yake aje kusimama kwenye lile benchi.

Askari wa getini akainuka kwenye kiti chake, akauona mkasi, akatandaza mikono.

"Mnakwenda kumwona nani?"

Mama akamuuliza na yeye lile swali lake.