Mariti na Tuta la Kimamba

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa, mlioko Kilosa, Mikumi na kandokando ya reli. Leo tunamkumbuka Marit Solbakk, waziri wa fedha wa zamani wa Norwe. Waziri wa fedha, ndiyo. Lakini Kimamba walimwita Mariti.

Alikuja Kimamba akiwa msichana, mwalimu wa kujitolea. Alilala chumba kimoja na Bi Ziada Kondo, wakaugua malaria pamoja. Mama yake Ziada hakumpa chakula mpaka alipoweza kusema shikamoo sawasawa.

Akarudi kwao, akaingia kwenye siasa. Akawa diwani, kisha mbunge. Akiwa mbunge alitupigania tukapata msaada wa kujenga tuta la kuzuia mto Mkondoa. Tuta likaanza. Likafika nusu.

Akawa waziri wa fedha. Uchumi wa kwao ukayumba, akakata misaada ya nje. Tuta letu lilikuwemo, wasikilizaji. Na yeye alijua limo. Mdogo wake, Bwana Henrik, ametuambia kwa simu:

"Nilimuuliza, na Ziada je? Akasema, mvua kubwa haiji kila mwaka. Uchaguzi ukipita nitawarudishia."

Mvua haikusubiri uchaguzi. Maji yalipita pale tuta lilipoishia. Yakamchukua Shamimu, binti wa pekee wa Bi Ziada.

Mariti akajiuzulu uwaziri, akaja Kimamba. Bi Ziada anasimulia:

"Nilimkuta mlangoni, kazeeka. Nikamwambia, Mariti, wengine hawatujui. Wewe ulitujua. Akasema, 'Nilijua, dada.' Basi. Nilitaka kumfukuza, nikashindwa. Nikampeleka kaburini kwa mwanangu."

Tangu hapo alihangaika. Aligonga milango kwao, akagonga na huku. Waliokuwa wakisimama akiingia, sasa hawakupokea simu zake. Waziri wa fedha wa zamani, akiomba fedha zilezile alizozikata mwenyewe! Hakupata. Akabaki Kimamba na kina mama, akijaza udongo kwenye viroba na kuvipanga kando ya mto. Kila mvua ikinyesha, mto ulivizoa vyote.

Wiki iliyopita alifariki hospitalini Mikumi, kwa homa ya mapafu. Bi Ziada alikuwa amemshika mkono.

"Aliniuliza, tuta limefika wapi? Nikamwambia, limekwisha, dada. Akanitazama sana. Alijua namdanganya. Akageukia ukutani."

Bwana Henrik na familia, poleni sana. Bi Ziada, uliyemzika mtoto na sasa umemzika dada, tunakosa hata neno la kukupa. Na wewe unayeamua mambo ya watu, iwe bungeni au kwenye kamati ya kijiji, hebu leo mfikirie mtu mmoja unayemfahamu, atakayeishi na matokeo ya uamuzi wako.

Mimi ni Deogratias Anselmi. Nina taarifa nyingine kabla sijaachia kipaza sauti. Milimani kunanyesha tangu asubuhi, na Mkondoa umeanza kujaa. Mlio bondeni Kimamba, msingoje kuambiwa mara ya pili. Bebeni watoto. Ondokeni sasa hivi.